Faili Moja Ambalo Rewati Haruhusiwi Kuligusa

Saa tatu kasorobo asubuhi, Rewati Dhami anamwuliza mzee mmoja swali lilelile kwa mara ya tatu.

"Goti lilianza kukusumbua lini, mzee?"

"Binti, mimi nimekuja kuchukua dawa. Na dawa zinatolewa dirisha lile pale."

"Najua. Lakini daktari ameandika 'maumivu ya goti', basi. Hajaandika yametoka wapi."

"Yametoka gotini."

Benchi zima linacheka. Rewati anajikaza asicheke, ila mdomo unamcheza. Anasubiri. Mzee, koplo mstaafu wa miaka sabini na minne, anavua kofia yake ya sufu, anaikung'uta, anaivaa tena. Kisha, kwa sauti ya chini kama anayetaja jambo la aibu, anasema kwamba mwaka sabini na moja aliruka kutoka kwenye lori lililokuwa likiwaka moto.

"Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta," anasema Rewati. Anachomeka kikaratasi cha njano kwenye faili na kulirudisha kwa daktari.

Hiyo ndiyo kazi yake katika kliniki ya wanajeshi wastaafu hapa Pithoragarh, mji wa milimani kaskazini mwa India. Maradhi ambayo daktari ameyaandika kwa maneno, Rewati huyageuza kuwa herufi moja na tarakimu chache, zinazoitwa msimbo. Goti linalouma kwa uzee lina msimbo wake. Goti linalouma kwa sababu ya jeraha la vitani, hata kama jeraha lenyewe lilifunga miaka hamsini iliyopita, lina msimbo mwingine kabisa, na nyuma yake hufuata wa pili unaosema kwamba chanzo ni vita. Mwenye misimbo hiyo miwili hutibiwa jeraha lake na jeshi mpaka mwisho wa maisha yake. Asiyekuwa nayo hupewa vidonge na tarehe ya kurudi.

Kwa siku hupita mikononi mwake mafaili arobaini hivi. Wastaafu wanamwita Dada wa Namba.

"Hawa wazee ni waongo," anasema, na anavyolisema mtu anaona anawapenda. "Raia akijikwaa, atakwambia amevunjika. Mwanajeshi amevunjika, anakwambia amejikwaa. Mimi kazi yangu ni kuwabembeleza waseme ukweli."

Ana miaka arobaini na mmoja. Kazi hii ameifanya miaka kumi na moja, baada ya kusomea miezi sita huko Haldwani, na mshahara wake ni rupia elfu ishirini na moja kwa mwezi. Kwa huo anatunza nyumba ya watu watatu: yeye, mama mkwe wake Saruli, na mumewe Trilok, ambaye naye ni koplo mstaafu na ana faili katika kliniki hiyohiyo.

Faili la Trilok liko rafu ya nne, hatua saba kutoka kiti cha Rewati. Ndilo faili pekee katika chumba kile ambalo haruhusiwi kulifungua. Kanuni ni moja kwa wote: mtu haandiki wala kurekebisha msimbo wa ndugu yake.

"Kanuni nzuri," anasema Rewati. "Ningekuwa mimi ndiye mkubwa, ningeiweka hivyohivyo."

Kisha anavuta faili linalofuata.

Trilok alitoka jeshini mwaka 2014, kichwa kikimuuma mara kwa mara na maneno yakimchelewa mdomoni. Watu walidhani ndivyo alivyokuwa, mtaratibu. Mwaka 2019 alianguka uani akiwa amebeba ndoo ya maziwa, akatetemeka mwili mzima, na hakuzinduka mpaka siku ya pili, katika zahanati moja ya watu binafsi huko bondeni. Waliompokea waliandika "kiharusi". Alipofungua macho alimtazama mkewe, akamtambua, akafungua mdomo kumwambia kitu.

"Akasema, 'Kesho,'" anakumbuka Rewati. "Nikadhani anataka turudi nyumbani kesho. Nikamwambia, sawa, kesho. Akatikisa kichwa, akasema tena, 'Kesho, kesho,' machozi yakaanza kumtoka. Ndipo nilipoelewa kwamba hilo ndilo neno alilobaki nalo."

Njaa, kesho. Baridi, kesho. Nyati ameingia shambani, kesho. Anaelewa karibu kila anachoambiwa. Kinachokataa ni kutoka. Mama Saruli, mwenye miaka sabini na mitatu na ulimi usiolala, ameamua kulichukulia kwa mzaha.

"Nilidhani nimezaa askari," anasema huku akisaga chumvi na pilipili kwenye jiwe. "Kumbe nimezaa mwanasiasa. Kila ukimwuliza, kesho."

Trilok, aliyekaa juani karibu naye akimenya ndimu, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

Daktari wa kliniki alipotazama picha ya ubongo wake, alisema kovu lililoko upande wa kushoto linafanana zaidi na la pigo la zamani kuliko la kiharusi. Lakini pigo gani? Kumbukumbu ya jeshi ilikuwa na mstari mmoja tu, wa Februari 2012, wakati kombora lilipoangukia kituo chao cha mpakani kwenye theluji: *mchubuko wa paji la uso, amerudi kazini.* Mchubuko hauachi kovu ndani ya ubongo. Kwa hiyo msimbo ulibaki wa kiharusi, I69.4, ugonjwa ambao mtu yeyote anaweza kuupata akiwa nyumbani kwake.

Na kwa msimbo huo Trilok hakuweza kupokelewa katika kituo cha jeshi cha kuwafundisha upya kusema watu walioumia vichwa. Nafasi za pale ni za majeruhi wa kazini.

"Yeye mwenyewe angeweza kueleza kilichotokea siku ile," anasema Rewati. "Ila ndicho hasa asichoweza. Na alipokuwa anaweza, hakunieleza. Nami sikumwuliza. Wanawake wa huku hatuulizi. Mume akija likizo unampikia, unamtazama, unahesabu siku zilizobaki."

Mwezi Agosti mwaka jana faili jipya lilifika mezani kwake, la sajini mstaafu kutoka upande wa Gangolihat. Jaman Khadayat. Masikio hayasikii vizuri, vidole vitatu vya mkono wa kulia vimekatwa kwa baridi kali. Daktari, ambaye siku hizi amezoea vikaratasi vya njano vya Rewati, alikuwa ameandika historia ndefu. Rewati alikuwa anasoma akitafuta chanzo, kama kawaida yake, mpaka akafika kwenye tarehe. Tarehe tisa Februari, 2012. Kombora kando ya jiko. *Mwenzake, D., alizimia kwa saa nne.* D. ya Dhami.

Alilifunga faili. Akaenda bombani kunawa uso, akarudi, akakuta bado liko pale.

"Namba yake ya simu ilikuwa juu ya jalada," anasema. "Mimi namba nikiiona mara moja, imekaa. Sikutaka kuishika, lakini niliishika."

Alichokisoma hakikuwa chake. Mgonjwa alimwambia daktari, daktari akaandika ili msimbo upatikane. Mwandika misimbo anayetoa habari za mgonjwa ndani ya faili na kwenda nazo nyumbani hana tena haki ya kukaa kwenye kile kiti, na Rewati amewafundisha vijana watatu sheria hiyo.

Mchana huo alimfuata mkuu wake, Meja mstaafu Hansi Saun, mwanamke aliyekuwa muuguzi wa jeshi kwa miaka ishirini na minane.

"Afande, kuna kitu nimekiona kwenye faili la mtu. Si haki yangu kukitumia."

"Basi hujakiona."

"Nimekiona, afande. Kinamhusu Trilok."

Meja Saun alivua miwani. Alilichukua faili, akampa mwandishi mwingine alimalizie, kisha akasema daktari atamwuliza yule sajini, atakaporudi kupimwa masikio, kama yuko tayari kuonana na familia ya mwenzake wa zamani. Akikataa, habari imekwisha.

"Atarudi lini?" aliuliza Rewati.

"Novemba."

Ilikuwa wiki kumi na mbili. Rewati anasema zilikuwa ndefu kuliko miaka yote sita aliyokaa na neno moja ndani ya nyumba. Asubuhi alipanda mlima kwenda kazini na namba kumi za simu zikimzunguka kichwani. Jioni alimkuta mumewe amesimama getini akimngoja, kama anavyofanya kila siku, na akimwona huinua mkono.

Mara moja, siku ya mapumziko, alikaa nyuma ya zizi la nyati na simu mkononi. Alibonyeza namba tisa.

"Ya kumi ilikuwa nne," anasema. "Sikuibonyeza. Si kwamba mimi ni mwema sana. Niliwaza, nikimpigia, siku akija hapa atanitazama vipi? Na wazee wangu pale benchini, nitawaambiaje waniambie ukweli wao?"

Jaman Khadayat alikubali. Alikuja Jumapili ya pili ya Novemba, saa sita mchana, na mfuko wa machungwa makubwa ya kijijini kwake. Alisimama nje ya geti mpaka Mama Saruli akamwona.

"Wewe ni nani unayetuhesabia mawe ya ukuta?"

"Jaman, mama. Nilikuwa na Trilok kikosini."

"Tangu lini?"

"Tangu 2009."

"Na leo ndiyo umepata njia ya kuja?"

"Njia ilikuwepo, mama. Mimi ndiye niliyekuwa na aibu."

Mama Saruli alifungua geti. Alimsogezea mkeka.

Trilok alikuwa ndani. Alipotoka na kumwona mgeni, alisimama mlangoni. Kisha alikwenda kukaa karibu naye, goti kwa goti, na hakumwachia pindo la koti mpaka chai ikaja. Waliwekewa bakuli la ndimu zilizochanganywa na mtindi na sukari guru, na hapo, juani, akiongea kwa sauti kubwa kama watu wasiosikia vizuri, Jaman alieleza.

Kombora lilianguka saa moja asubuhi. Trilok alikuwa amekwenda kuchukua maji ya moto jikoni. Lilimrusha ukutani, kichwa kikagonga jiwe. Damu ilikuwa kidogo tu, juu ya jicho. Lakini hakuamka mpaka saa tano. Alipoamka alitapika, akauliza leo siku gani.

"Nikamwambia Alhamisi. Akasema, 'Bado siku kumi na moja.'"

"Za nini?" aliuliza Rewati.

Jaman alimtazama. "Za likizo, shemeji."

Njia iliyozibwa na theluji ilifunguka siku mbili baadaye, na tabibu wa kikosi akapanda kwa miguu kuandika majeruhi. Jaman ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi lao. Ripoti ilitoka kinywani mwake. Kabla tabibu hajafika, Trilok alimshika mkono akamsihi. Ukisema nilizimia, watanishusha hospitali, na likizo yangu itaishia kitandani. Nyati wetu anazaa mwezi huu. Na Rewati hajaniona tangu Juni.

"Nami nilikuwa na mke," alisema Jaman. "Nilimwelewa. Nikamwambia tabibu, huyu ana mchubuko tu. Nimeishi na huo mchubuko miaka kumi na mitatu, shemeji."

Rewati aliingia ndani kuchota maji ambayo hakuna aliyekuwa ameyaomba.

Likizo ile anaikumbuka. Zilikuwa siku kumi na sita. Trilok alifika amevaa kofia ya sufu na hakuivua hata ndani ya nyumba. Alilala mno. Alilala mchana, alilala wageni wakiwa wamekaa, alilala siku ile nyati alipozaa. Rewati alikuwa amemngoja miezi minane, amejiwekea maneno mengi ya kumwambia, na mume amegeukia ukuta.

"Nilimnunia," anasema. Anaongea polepole. "Nilimwambia, kama ulikuja kulala, si ungelala hukohuko. Akanijibu, 'Samahani, nimechoka kidogo.' Kidogo. Ndivyo alivyosema. Mimi, ambaye leo nawabembeleza wazee wa watu wanieleze panapouma, wangu alikuwa amelala kando yangu na ubongo uliovimba, nikamnunia."

Alirudi uani na maji. Trilok alikuwa ameushika mkono wa kulia wa Jaman, ule wenye vidole viwili, akiugeuzageuza. Kisha akaushika na wa kushoto. Akaanza kugusa kidole kimoja kimoja.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu."

Mama Saruli, aliyekuwa akisaga chumvi pembeni, aliacha kusaga.

"Nne. Tano. Sita. Saba." Alipofika hapo alitafuta cha nane, hakukiona, akainua macho kwa Jaman.

"Saba ndiyo hesabu yake, ndugu yangu," alisema Jaman. "Vingine nilivisahau kulekule mlimani."

Katika miaka sita hakuna aliyekuwa amejaribu kumhesabisha. Mtaalamu wa usemi baadaye angewaeleza kwamba namba mara nyingi hubaki hata maneno yakiondoka, kwa kuwa zimepangwa mstari na moja huvuta nyingine. Siku ile hawakulijua hilo. Walichojua ni kwamba sauti yake ilikuwa ileile.

Kabla ya kuondoka, Jaman alivaa viatu polepole.

"Shemeji, nikiyaandika haya, nakiri kwamba nilimdanganya tabibu wa jeshi."

"Najua, kaka."

"Wanaweza kuniita."

"Najua. Ndiyo maana sijakuomba."

Aliondoka bila kuandika chochote. Zilipita siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili barua ya rejesta iliwasili ofisini kwa Meja Saun, kurasa mbili, herufi kubwa zilizopinda za mtu anayeandika kwa vidole viwili, na sahihi yake chini ya kila ukurasa. Jaman aliitwa kuhojiwa mara moja, akarudi kwake siku hiyohiyo. Alipoulizwa kwa simu kama alijuta, alicheka. "Sikusikia maswali yao nusu. Masikio yana faida yake."

Daktari alisoma barua, akaiweka pamoja na picha ya ubongo, akaandika upya. Faili lilipelekwa Almora, kwa mwandika misimbo ambaye Rewati hamjui hata kwa jina. Lilirudi mwishoni mwa Januari. Meja Saun alimwita, akafunga mlango.

"Siwezi kukuonyesha," alisema. "Kukusomea naweza."

Akamsomea. T90.5, madhara ya baadaye ya jeraha la ndani ya kichwa. Kisha Y89.1, kutokana na vita.

"Misimbo hiyo nimeiandikia watu labda mara mia mbili," anasema Rewati. "Nilikuwa sijawahi kuisikia ikisomwa kwa sauti. Nilimwomba arudie. Akarudia, akaniambia nirudi kazini, watu wamejaa."

Nafasi ya Trilok katika kituo ilitoka wiki iliyopita. Wataanza tarehe sita Aprili, wiki kumi na mbili, na Rewati ameomba likizo bila malipo aende naye. Nyati atakaa na Mama Saruli, ambaye amekataa katakata kusaidiwa na jirani yeyote. Daktari hakuwadanganya. Miaka sita ni mingi, na hawezi kupata tena maneno yote. Pengine hamsini, pengine mia.

Kituo kimemtaka Rewati aandike maneno ishirini ya kuanzia, yale yanayohitajika zaidi nyumbani kwao. Karatasi imekaa juu ya friji siku nne, imefutwa na kuandikwa mpaka imetoboka. *Maji* yapo. *Chumvi* ipo. *Mama* aliliweka mwenye jina kwa mkono wake mwenyewe, mstari wa kwanza, na hataki mjadala. *Inauma* ipo, na Rewati ameipigia mstari mara mbili. Baada yake kuna *hapa*, ili aweze kuonyesha na kusema kwa pamoja.

"Na jina lako je?" anaulizwa.

"Jina langu halina haraka. Mimi akinitazama najua ananiita." Anaikunja karatasi, anaikunjua tena. "Ninachotaka mimi ni tugombane. Nataka aniambie kwa nini hakusema kwamba kichwa kinamuuma. Nami nimwambie kwa nini nilinuna. Yeye akasirike, mimi nikasirike, chakula kipoe. Miaka sita nimegombana peke yangu kwenye nyumba hii, na kila siku ninashinda. Nimechoka kushinda."

Mama Saruli, kutoka uani, bila kuinua kichwa: "Basi mwandikie *nyamaza*. Akiwa na wewe, hilo atalihitaji kuliko chumvi."

Trilok anacheka. Rewati anachukua kalamu, anatazama orodha, anafuta *blanketi*, na mahali pake anaandika *nyamaza*.

"Siku atakayoniambia ninyamaze," anasema, "nitanyamaza. Ila siku hiyo tu."